Chakula Hakitiwi Kasoro. Je, Bei?

Mtwara ni mji ambao mtu akila vibaya Ligula saa saba mchana, Chikongola wanajua kabla ya alasiri. Zamani habari hiyo ilipita vijiweni na barazani. Siku hizi inapita mtandaoni na picha: sahani ya wali, kipande cha changu kilichokaangwa hadi kikawa kama ukuni, na maneno machache chini yake. "Elfu kumi na tano. Msiende." Haijapita saa, wengine wameshaongeza ya kwao. Mmoja anasema na yeye alisubirishwa mpaka njaa ikaisha, mwingine anamtetea mwenye mgahawa kwa kuwa ni shemeji yake, wa tatu anauliza tu kama supu ya pweza bado ipo.

Hapo ndipo ubishi unapoanza, na kila mara ni ule ule. Kuna wanaosema kumwanika mtu hivyo ni kumharibia riziki, tena kwa jambo dogo kama chumvi. Kuna wanaosema mteja katoa pesa yake, kwa hiyo mdomo ni wake. Mimi naona wote wana hoja, ila wanagombania mahali pasipo na ugomvi wenyewe.

Nianze na wanaotaka tunyamaze, kwa sababu mara nyingi wanadharauliwa kana kwamba hawataki maendeleo. Hoja yao ina mizizi. Pwani hii watu wengi wamelelewa na hadithi iliyomo katika vitabu vya Bukhari na Muslim, kwamba Mtume hakuwahi kukitia kasoro chakula: akikipenda alikula, asipokipenda alikiacha. Mtoto wa Mikindani anayetupia neno ubwabwa wa shangazi yake anaonywa kwa hadithi hiyo hiyo kabla hata hajajua kusoma. Huwezi kumwambia mtu aliyekulia humo kwamba kuandika "wali mbichi, mchuzi maji" mbele ya watu mia mbili ni haki ya mlaji na likaisha hapo. Kwake ni utovu wa adabu.

Halafu kuna mtaji. Mama lishe wa karibu na soko ananunua mchele, mafuta, nazi na mkaa wa siku hiyo kwa pesa ya jana. Siku wateja kumi wasipotokea, kesho sufuria linakuwa dogo. Hana wa kumsemea wala mwanasheria. Isitoshe ana daftari la madeni ambamo, nikisema ukweli, baadhi ya wanaomlaumu wamo.

Ila hoja yao iliyo nzito kuliko zote huwa hawaisemi wenyewe. Jiko la Mtwara linafuata bahari na shamba, na mlaji wa mara moja haoni mzunguko huo. Pweza wetu wengi huchokolewa kwa miguu kwenye mwamba, bamvua, maji yanapotoka mbali, mwezi unapoandama na unapopevuka. Maji mafu yakiingia, yasiyotoka mbali, pweza anaadimika na bei inapanda. Mgeni anayeandika kwamba "kwenye menyu pweza yupo, ukiagiza hayupo" anaulaumu mwezi. Upepo nao una lake. Kusi ikivuma, kuanzia kama Aprili na kuendelea, bahari inachafuka na ngalawa nyingi zinalala pwani, samaki wa soko la Feri wanapungua. Kaskazi ikiingia mwishoni mwa mwaka bahari inatulia, na samaki aliyelalamikiwa Julai anakuwa mwingine Januari, jiko lile lile, mpishi yule yule.

Na korosho. Minada ikianza, kuanzia kama Oktoba, pesa inaingia mjini na migahawa inajaa. Mwenye mgahawa anaajiri, ananunua kwa wingi, chakula hakilali kwa sababu kinaisha. Ufikapo mwezi wa nne sufuria lile lile linapashwa mara mbili. Wanaokumbuka msimu wa 2018, serikali ilipoamua kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na malipo ya wakulima wengi yakachelewa, wanajua jinsi mji mzima unavyoweza kukaukiwa kwa pamoja. Maoni yaliyoandikwa msimu kama huo bado yanasomwa leo na mtu anayepanga safari ya kuja ufukwe wa Msimbati. Hayaoneshi kwamba yaliandikwa mwaka wa dhiki. Anaona tu "huduma mbovu".

Kuna na hesabu. Chukua mgahawa wa London wenye maoni mia nne: mwenye hasira mmoja hatikisi kitu. Sasa chukua wa Shangani, hapa Mtwara, wenye maoni manne, yote ya nyota tano. Akija wa tano akatoa nyota moja, wastani unashuka hadi 4.2 siku hiyo hiyo. Na nyota si mapambo. Mchumi Michael Luca wa Harvard alipofuatilia migahawa ya Seattle, katika utafiti uliotoka 2011, aliona kwamba nyota moja ya ziada kwenye Yelp, mtandao wa maoni ya wateja, iliongeza mapato kwa asilimia 5 hadi 9. Ongezeko hilo lilikuwa kwa migahawa ya watu binafsi. Ile yenye majina makubwa na matawi kila mahali haikutikisika. Mtwara karibu yote ni ya watu binafsi.

Kwa hiyo tunyamaze? Hapana, na hapa ndipo ninapoachana nao.

Kimya chetu hakimsaidii mama lishe, kwa sababu sisi hatunyamazi tukabaki. Tunahama. Mtu anakula, anasema ahsante mama, anafuta mdomo, anaondoka na harudi tena. Akiulizwa na rafiki anasema "pale siku hizi pamekuwa hovyo". Rafiki naye anahama. Yule mama anabaki akisema ni mkono wa mtu, au biashara ngumu, au ni wa ng'ambo ya barabara aliyefungua juzi. Hajui kwamba tatizo lilikuwa mafuta aliyokaangia siku tatu mfululizo, jambo ambalo angelirekebisha kwa chupa moja. Tumejipa sifa ya adabu huku tukimfilisi. Wanaoandika, hata wakiwa wakali, angalau wameacha sababu.

Halafu angalia tunachoandika. Nenda kasome maoni yoyote ya migahawa ya mji huu, na sikiliza maneno ya kijiweni: nyama ngumu, pilau haina viungo, chapati nene, mhudumu kanuna. Ladha na sura za watu. Mambo ambayo kila kinywa kina hakimu wake. Kuhusu jinsi bei inavyopangwa, kimya. Kuhusu maji ya kunawa, kimya. Hakuna anayeandika kwamba bei haikuwa ukutani, kwamba samaki alipimwa kwa macho na mlaji akapimwa kwa viatu: mwenye kaptura na kamera akatajiwa elfu ishirini, dereva wa bodaboda meza ya pili akala wa ukubwa ule ule kwa nusu yake. Hakuna anayeandika kwamba ndoo ya kunawia ilikuwepo ila sabuni ilikuwa kwenye kaunta, ukiitaka uombe. Tunapiga kelele panapotosha kunong'ona, tunanong'ona panapotakiwa kelele.

Wale wa hadithi ya chakula wanapaswa kukumbuka na nyingine, iliyomo katika Muslim. Mtume alipita sokoni penye rundo la nafaka, akaingiza mkono, vidole vikakuta umajimaji chini. Mwenye mali akasema ni mvua. Akaulizwa kwa nini hakuiweka juu watu waione, kisha akaambiwa kwamba anayeghushi si katika sisi. Maneno hayo yalisemwa sokoni, si chumbani. Mimi si shehe, lakini nikiziweka hizo mbili pamoja naona mstari ulio wazi: ladha isiyokupendeza iache kwenye sahani, udanganyifu utoe hadharani. Wali mgumu ni wa kwanza. Samaki wa juzi aliyeuzwa kwa jina la wa leo ni wa pili.

Sheria ya nchi nayo haijakaa mbali sana na mstari huo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, inamlenga anayechapisha uongo huku akijua ni uongo, akikusudia kuchafua au kupotosha. Anayeandika alichokula, alicholipa na siku aliyokwenda hana cha kuogopa sana, hasa akiwa na risiti. Tatizo ni kwamba risiti yenyewe ukiiomba unaangaliwa kama umetumwa na TRA, watu wa kodi.

Lipo pia suala la nani anaongea. Baada ya gesi asilia ya Mtwara kuteka vichwa vya habari, miaka ile ya 2012 na 2013, na baadaye kiwanda cha saruji cha Dangote, mji ulifunguka kwa wageni wenye posho, na migahawa kadhaa ikajipanga kwa ajili yao. Wageni hao ndio walioandika mengi ya yale yanayosomwa na watu wa mbali, kwa Kiingereza, wakipima kwa vipimo vya walikotoka: kuna bia baridi, kuna intaneti, pizza inafaa. Banda linalouza ugali wa muhogo na kisamvu kwa elfu tatu halimo kabisa, ingawa ndilo linalolisha nusu ya mtaa. Wazee walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na kweli baadhi ya majiko yalijitengenezea vyoo kwa sababu ya neno la mgeni mmoja. Ila mwenyeji akimwachia mgeni peke yake kazi ya kusema, mgahawa utajirekebisha kwa mgeni. Ndiyo maana leo utapata chipsi nzuri kuliko wali wa nazi mahali palipo hatua mia kutoka baharini. Huo, kwangu, ni ushahidi tosha.

Sifa nazo hazipimwi. Tukizungumzia madhara tunafikiria lawama tu, wakati sifa ya uongo inampeleka mtu kwenye samaki mbovu kwa ujasiri. Mwaka 2017 mwandishi Oobah Butler aligeuza kibanda cha bustanini kwake, Dulwich, kuwa mgahawa usiokuwepo, akawaomba marafiki wausifu, ukapanda hadi kuwa wa kwanza London kwenye TripAdvisor, mtandao wa maoni ya wasafiri. Kwetu hakuna haja ya ufundi wote huo. Binamu watano na kijana mmoja mwenye wafuasi wengi aliyelishwa bure wanatosha kabisa. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini siku hizi kibaya kinatembezwa na watu wenye kamera nzuri.

Wapatanishi hutoa ushauri wa katikati: mwambie mwenyewe kwanza, pembeni. Kwa mama lishe naukubali asilimia mia. Yupo pale pale, ameshika upawa, anakujua kwa jina, na neno la "mama, leo mchuzi umezidi chumvi" halimvunjii heshima. Wengine watakuongezea kipande. Kwa hoteli yenye bango na mwenye mali anayeishi Dar es Salaam, ushauri huo haufanyi kazi. Unamwambia nani? Mhudumu, ambaye hakununua samaki wala hakupanga bei, na ambaye malalamiko yakipanda juu anakatwa yeye mshahara. Ndiyo maana kumtaja mhudumu kwa jina hadharani, hata kama alinuna kweli, nakuona ni uonevu. Mgahawa una jina lake, mlipe lawama mwenye jina. Na weka tarehe, ili anayesoma Januari ajue kwamba ulikula wakati wa kusi.

Hayo yote, tuseme wazi, ni mlaji kufanya kazi ya mwingine. Tangu Julai 2019 usalama wa chakula ulihama kutoka TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, kwenda TBS, shirika la viwango; TFDA ikawa TMDA na kubaki na dawa na vifaa tiba, na chini huku maafisa afya wa Manispaa ya Mtwara Mikindani wana uwezo wa kukagua majiko chini ya Sheria ya Afya ya Umma ya 2009. Ukaguzi unapofanyika, matokeo yanakwenda kwenye faili. Uingereza mkaguzi hutoa alama, sifuri hadi tano, inayobandikwa kama kibandiko mlangoni; Wales imekuwa lazima kuibandika tangu 2013. New York inabandika herufi tangu 2010. Mlaji wa huko anaweza kubishana kuhusu viungo kwa raha zake kwa sababu swali la panya na maji limeshajibiwa mlangoni na mtu anayelipwa kulijibu.

Kwetu ukutani kuna leseni ya biashara, cheti cha mlipakodi na kalenda ya benki. Leseni inathibitisha kwamba mwenye mgahawa ameilipa halmashauri. Nafasi ya karatasi nyingine ipo, na haihitaji mradi wala wafadhili: tarehe ya ukaguzi wa mwisho, alama iliyopatikana, na chini yake bei ya samaki wa leo kwa chaki. Siku itakapobandikwa, wale wa "msiende" watabaki na chumvi tu ya kulalamikia, na hilo nitawaomba wamwambie mama mwenyewe.