Mzee Kulia Atafuta Leseni

Nimeendesha lori kwa miaka 19 kati ya Uvira na Bukavu, katika barabara ile ya milimani ambayo ukikosea kona moja unateremka kwenda kusalimiana na Mto Ruzizi, na katika miaka hiyo yote hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba sijui kuendesha. Ilinibidi nivuke Ziwa Tanganyika na kushuka bandari ya Kibirizi, Kigoma, nikiwa na mabegi mawili na mke mwenyeji wa Ujiji, ndipo nikajikuta nyuma ya usukani wa gari lililobandikwa herufi L mbele na nyuma, nikifundishwa kukanyaga breki na kijana ambaye ningeweza kumzaa.

Chanzo cha mkasa wangu ni upande wa barabara. Kwetu Kongo magari hupita kulia, na hapa Tanzania hupita kushoto. Wenyeji hunifariji kwamba sisi sote sasa ni ndugu, kwa kuwa Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, nami sipingi. Lakini aliyetia saini ni Rais. Mkono wangu wa kulia haukushirikishwa. Isitoshe, mimi nililelewa na bibi aliyenifundisha kwa kofi kwamba mkono wa kushoto haupokei kitu, hausalimii na hausogei karibu na sahani, na sasa mkono huo huo uliodharauliwa tangu utotoni ndio ninaotakiwa kuukabidhi gia za gari. Siku ya kwanza mkono wa kulia ulikwenda kutafuta gia kwa mazoea, ukakuta kitasa, ukakivuta, na mlango ukafunguka tukiwa tunatembea. Mwalimu alipiga kelele, "Mzee, unashukia wapi?"

Karatasi nazo zina safari yake. Nilipaswa kuwa na kibali cha ukaazi, namba ya mlipakodi, vipimo vya macho, leseni ya kujifunzia, cheti cha chuo cha udereva na mtihani wa askari wa usalama barabarani, kisha nirudi tena kwa watu wa kodi, kwa sababu hapa nchini polisi ndio wanaokupima lakini leseni hutolewa na mamlaka ya mapato. Kwetu ukimwona mtu wa kodi unabadili njia. Hapa unamfuata mwenyewe, umevaa shati la kupigia picha, na unampa alama za vidole bila kuombwa mara mbili.

Darasani tulikuwa vijana wengi na mimi. Kilichoniumiza hakikuwa sheria, maana kibao cha 50 ni 50 popote duniani. Kilichoniumiza ni majina. Klachi mimi naijua kama ambreyaji, tairi ni pine, usukani ni volani, honi ni klaksoni na petroli ni esanse. Kila nilipoulizwa swali nilikuwa na jibu kamili ambalo hakuna aliyelielewa, nikawa kama mtu aliyehifadhi Kurani yote halafu anashindwa kutaja majina ya herufi. Tulipofika kwenye somo la mzunguko wa barabara, ambao huku watu huuita kipilefti, niligundua kwamba hata jina lenyewe limebeba amri ya kushika kushoto. Niliingia kwenye kipilefti hicho kwa upande wa kwetu. Bodaboda watatu walisimama kunielekeza kwa matusi, na nina hakika kabisa kwamba kati yao hakuna hata mmoja aliyekuwa na leseni. Tangu siku hiyo darasa zima likaniita Mzee Kulia.

Nyumbani hakukuwa na nafuu. Baba mkwe ni Mmanyema wa Ujiji, ambaye babu zake walitoka huko huko Kongo nilikotoka mimi, lakini kwa kuwa wao waliwahi kuja, yeye hujihesabu mwenyeji aliyekamilika. Hajawahi kushika usukani maishani mwake. Hata hivyo, kila jioni alinikalisha barazani na kunieleza kwa utulivu mkubwa, "Mkwe wangu, nchi ya watu huendi nayo ubavu unaoutaka wewe."

Siku ya mtihani niliamka alfajiri nikirudia moyoni neno kushoto kama uradi, na labda nililirudia kupita kiasi, kwa sababu nilipofika kwenye gari nilifungua mlango wa kushoto na kuketi. Afande alikuja dirishani, akanitazama, akautazama usukani ulioko upande wa pili, akauliza kwa adabu, "Mzee wangu, leo unanipeleka wewe, au nikupeleke mimi?" Nikamjibu kwamba nilikuwa nakagua mkanda wa abiria. Aliandika kitu kirefu kuliko jibu langu.

Tulianzia karibu na stesheni, tukapanda Barabara ya Lumumba. Hebu fikiria: barabara ina jina la mtu wa kwetu, na hata humo siruhusiwi kupita upande wa kwetu! Niliitazama stesheni kwenye kioo nikamwonea wivu dereva wa treni, maana tangu reli ifike Kigoma mwaka 1914 hakuna aliyewahi kumpigia kelele kwamba ashike kushoto. Nilifaulu, lakini mpaka leo sijui kama ni kwa ustadi au kwa huruma.

Leseni yenyewe ni nzuri, ina picha yangu nikiwa nimekasirika, na itadumu miaka 5. Niliipeleka kwa tajiri mmoja mwenye malori ya dagaa na mawese, akaigeuza mara mbili, akaniambia kwamba hilo ni daraja D, la gari dogo, na kwamba lori linataka daraja E. Mimi daraja nililokuwa nikilijua ni lile la Mto Mulongwe kule Uvira, na lenyewe ukilivuka mara moja umevuka.

Basi Jumatatu nilirudi chuoni. Njiani nilikuwa nikimsindikiza mama mkwe, amebeba migebuka yake kutoka sokoni, na mwalimu aliponiona kwa mbali akapaza sauti mtaa mzima ukasikia, "Mzee Kulia, karibu tena!" Mama mkwe alisimama, akanitazama usoni kwa huruma, akauliza, "Baba, unalia nini tena?"

Nikamwambia ni vumbi.