Doa jeupe kinywani: vipimo vinatabiri, ila vinabadilisha nini?

Doa jeupe ubavuni mwa ulimi. Haliumi, halitoki hata ukilisugua kwa shashi. Daktari akishahakikisha kwamba si fangasi, si alama ya jino linalochoma ulimi wala ugonjwa mwingine anaoufahamu, huliita lukoplakia. Jina hilo kwa kweli ni la kukiri: tumeondoa yote tunayoyajua, limebaki hili. Mengi ya madoa hayo hukaa miaka na miaka bila kudhuru. Machache hugeuka saratani. Mwenye doa ana swali moja tu: langu ni la kundi gani?

Jibu la kawaida hutoka kwenye hadubini. Hukatwa kinyama kidogo, kikahifadhiwa kwenye formalini, kikachanwa vipande vyembamba na kutiwa rangi ya waridi na zambarau. Mtaalamu wa patholojia hutazama mpangilio wa seli. Ukiwa umevurugika husema kuna displasia, iwe ndogo, ya wastani au kali. Lakini wape wataalamu wawili wazoefu kipande kilekile: mmoja aweza kuandika "ndogo", mwenzake "ya wastani". Na kinyama chenyewe kimetoka mahali pamoja tu, huku penye ubaya pengine pakiwa sentimita moja pembeni. Hata doa lisilo na displasia kabisa huweza kugeuka.

Ndiyo maana watafiti walikwenda kutafuta viashiria ndani ya seli yenyewe. Mwaka 1996 utafiti mmoja uliwafuatilia watu 37 wenye lukoplakia. Kati ya 19 waliokuwa wamepoteza vipande vya DNA kwenye kromosomu ya 3 au ya 9, saba walipata saratani. Kati ya 18 ambao hawakuvipoteza, mmoja. Tofauti kubwa, ijapokuwa kwa watu wachache. Njia nyingine ni kupima kiasi cha DNA kwenye viini vya seli, kwa kuwa seli inayoelekea kubaya mara nyingi huwa na kromosomu zisizo na hesabu kamili.

Njia hii ya pili ina doa lake pia. Mtafiti Jon Sudbø wa Norwe aliandika mwaka 2001 kwamba kiasi cha DNA kinatabiri vizuri sana hatima ya lukoplakia, na wengi wakampokea kwa mikono miwili. Mwaka 2005 akachapisha utafiti mwingine, wa dawa za maumivu na saratani ya kinywa, wenye watu 908. Ikagundulika kwamba watu hao ni wa kubuni. 250 kati yao walikuwa wamezaliwa tarehe moja! Makala ya 2001 nayo iliondolewa mwaka 2006. Kosa kubwa lingekuwa kuitupa hoja pamoja na mwongo. Watafiti wengine waliirudia kazi hiyo kwa wagonjwa wa kweli, wakaona kwamba kiasi cha DNA kinatabiri kweli, ila si kwa uhakika ule uliotangazwa mwanzo.

Tuseme basi kinatabiri. Kinafuata nini? Hapa ndipo mimi huwaelewa wanaosita kuvitumia vipimo hivi. Katika jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2016, wagonjwa waligawanywa kwa upotevu wa vipande vya kromosomu. Baada ya miaka mitatu, asilimia 74 ya wenye upotevu hawakuwa na saratani, dhidi ya asilimia 87 ya wasio nao. Kiashiria kilifanya kazi. Kisha wenye upotevu 150 wakapewa kwa bahati nasibu ama erlotinibu, dawa ya saratani, ama kidonge kisicho na dawa. Waliopata dawa walibaki bila saratani kwa asilimia 70, wasioipata asilimia 74. Dawa haikusaidia. Na kulikata doa? Kunaondoa doa, na wakati mwingine kunafichua saratani iliyokwisha kuanza, lakini hakuna jaribio la aina hiyo lililothibitisha kwamba kunazuia saratani. Utando wa kinywa ulio jirani huweza kuwa umeharibika vilevile.

Kuna pia hesabu, ambayo wauzaji wa vipimo hawapendi kuionyesha. Chukua mfano wa watu 1,000 wenye madoa, 100 kati yao wakiwa ndio watakaopata saratani. Kipimo kinachonasa zaidi kidogo ya nusu ya hao, na kinachowatisha bure asilimia 17 ya wengine, kitawaambia watu 207 kwamba wako hatarini. Wa kweli ni 54. Wengine 153 watalala na hofu isiyo na sababu. Miongoni mwa 793 walioambiwa wako salama, 46 watapata saratani.

Wakati huohuo zipo dalili za bure zinazopuuzwa. Doa lenye wekundu ni baya kuliko jeupe tupu. La ubavuni mwa ulimi au chini yake lina hatari zaidi. Na la mtu asiyevuta sigara, ajabu ya mambo, huwa na hatari kubwa kuliko la mvutaji, pengine kwa sababu la mvutaji mara nyingi ni utando wa kinywa unaojikinga na moshi.

Kwa hiyo simo kambi ya "tupime wote", wala ya "tungoje dawa ipatikane". Ninakiona kipimo kikifaa mahali pamoja: pale wataalamu wawili wanapovutana kati ya ndogo na ya wastani, na daktari hajui amwite mgonjwa baada ya miezi mitatu au mwaka. Hapo DNA iliyovurugika itoshe kumrudisha mapema. DNA iliyo sawa isimfukuze: akija baada ya mwaka, aje tu, maana wale 46 wamo katika kundi lake.