Bodi haikuwa imekufa

Jumamosi iliyopita, saa nne asubuhi, mdogo mmoja wa mtaa wetu hapa Katuba, Lubumbashi, aliingia uani kwangu amekumbatia sanduku la mbao kama mtu anayepeleka mtoto mgonjwa hospitali. Ndani mlikuwa na kuvezi yake ya kutotolea vifaranga: taa mbili, kipimajoto, kadi ya SD ya kuwekea kumbukumbu za joto, na bodi aina ya Arduino Uno, yaani kompyuta ndogo ya kuendesha vifaa hivyo. Hata kusalimia hakusalimia vizuri. "Yaya (ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa hapa), imekufa tena."

Haikuwa imekufa. Taa yake ndogo ilikuwa inawaka, programu ilikuwa inaingia bila kosa, joto lilikuwa linasomeka. Ila kila baada ya dakika chache, siku nyingine baada ya saa nzima, ilikuwa inajiwasha upya yenyewe na hesabu ya siku inarudi sifuri. Aliyewahi kutotolesha mayai ya kuku anajua hiyo ni balaa gani. Ni siku 21, kwenye joto la nyuzi 37.5 hivi, na mayai yanageuzwa mpaka siku ya 18, kisha yanaachwa yatulie. Mashine isiyojua leo ni siku ya ngapi haitotoi kitu. Kundi la kwanza la mayai 30 liliharibika lote, na mama yake ndiye aliyeyanunua kwa hela ya sokoni.

Nikamuuliza nani alimwambia bodi imekufa. Ni mwalimu wa kituo anakosomea, kituo ambacho sitakitaja. Alimwambia anunue nyingine, akanunua. Ya pili ikafanya vilevile. Akaambiwa hizi za bei nafuu ndivyo zilivyo, atafute ya tatu, ya asili. Na alipouliza kama hakuna namna ya kuangalia ndani kinachotokea, alijibiwa mbele ya wenzake kwamba mambo ya kuandika amri kwenye skrini nyeusi ni ya kizamani, leo kuna kitufe, ubonyeze ufanye kazi.

Neno hilo limenikaa kooni wiki nzima.

Nisimwonee mtu: kitufe hicho, cha kujenga na kupakia programu kwenye bodi, kilimwambia kitu. Kila alipokibonyeza, chini ya dirisha kiliandika kwamba vigeu vinatumia baiti 1870 kati ya 2048, asilimia 91, na onyo kwamba kumbukumbu iliyobaki ni ndogo. Alikuwa ameuona mstari ule mara mia. "Lakini inaandika imemaliza kupakia, yaya." Ndiyo, imemaliza. Na imekuachia baiti 178 za staki, ile nafasi ambayo fanksheni zinaitumia zinapofanya kazi. Fanksheni moja ikiita nyingine, hiyo nyingine ikafungua faili kwenye kadi ya SD, zile 178 zimekwisha, na staki inaanza kuandika juu ya vigeu vyako. Baada ya hapo bodi inaweza kufanya lolote: kuganda, kutoa joto la uongo, kujiwasha upya. Ukinunua bodi kumi, zote zitafanya hivyo, kwa sababu chipu yake, ATmega328P, zote zina RAM (kumbukumbu ya kazi) ya baiti 2048, ya asili na ya kuiga.

Sasa swali lenyewe: nani amezila zile 1870? Kitufe hakijui kulijibu. Kinakupa jumla, hakikupi majina. Tukafungua terminali, ile skrini nyeusi ya kuandikia amri. Kwanza kujenga programu mahali tunapopaona:

arduino-cli compile -b arduino:avr:uno --output-dir jenzi kuvezi

Kisha kuuliza kila kigeu kinakula baiti ngapi:

avr-nm -S --size-sort -C jenzi/kuvezi.ino.elf | grep -i ' [bd] '

(Laptopu yake ni ya azerty, kama nyingi zinazotufikia hapa zikiwa zimeshatumika Ulaya. Ule mstari wa kusimama, |, uko kwenye AltGr na 6, mabano ya mraba ya kufungua kwenye AltGr na 5. Dakika tano nzima zilikwenda kwenye kuutafuta mstari ule, na nina hakika kuna vijana wanaoichukia terminali kwa sababu hiyo tu, hakuna mtu aliyewaonyesha kidole kiende wapi. Waalimu, waonyesheni.)

Majina yakashuka kutoka dogo hadi kubwa. La mwisho kabisa lilikuwa na 00000320, na mbele yake neno alilolitunga yeye mwenyewe: historia. Hiyo 320 ni ya hesabu ya kumi na sita, kwa hesabu yetu ni 800. Ni safu ya vipimo 200 vya joto, kila kimoja float (namba yenye desimali) ya baiti nne. Juu yake palikuwa na 00000200, yaani 512: bafa ya maktaba ya SD, ambayo inasoma na kuandika sekta nzima kwa mara moja, na sekta ya kadi ni baiti 512. Hiyo ya SD huwezi kuipunguza. Lakini historia?

Alinyamaza akiangalia. Kisha akasema, taratibu: "Lakini vipimo vyote vinaandikwa kwenye kadi. Hii safu ya nini basi?"

Ilikuwa ya nini? Aliiweka mwezi wa kwanza, kabla hajanunua kadi, akaisahau. Tukaifuta. 1870 ikawa 1070. Sikumwambia mimi jibu, wala sikuligusa sanduku lake. Alilisoma jina mwenyewe na kulielewa mwenyewe, kwa sababu lilikuwa jina lake. Yule binti alikuwa ameshaambiwa mara mbili kwamba tatizo ni pesa, kwamba angekuwa na dola za kununua bodi nzuri kazi yake ingesimama. Tatizo lilikuwa mstari mmoja ambao hakuna aliyemwonyesha namna ya kuuona.

Na kinachonichoma zaidi ni hiki. Ile avr-nm hatukuipakua popote. Ilikuwa ndani ya laptopu yake tangu siku aliyosakinisha Arduino, imelala kwenye folda ya .arduino15 pamoja na ndugu zake avr-size, avr-objdump na avr-addr2line. Alitembea nayo miezi yote hiyo, kwenye basi, darasani, akiwa amebeba sanduku lake, huku akiambiwa hakuna namna ya kuangalia ndani.

Wanaosema kitufe kimechukua nafasi ya amri hawajawahi kufungua kitufe. IDE ya Arduino (ile programu yenye kitufe) toleo la 2 inaendesha arduino-cli kwa ndani. Washa ile sehemu ya kuonyesha maelezo yote wakati wa kujenga na kupakia, utaona inaita avr-gcc, inaita avr-size, inaita avrdude, amri moja baada ya nyingine, zilezile ambazo ungeziandika kwa mkono. Kitufe ni karani anayekuandikia barua. Karani ni mtu mzuri. Lakini mtoto aliyekuja shule kujifunza kuandika, utamfundishaje kumtegemea karani?

Kuhusu ukale: make, amri ya kujenga programu, iliandikwa mwaka 1976 na Stuart Feldman pale Bell Labs, ni kweli ni ya zamani, na bado naitumia kila siku. Lakini ESP32, chipu ambayo vijana wote wanaikimbilia sasa, Espressif wanaoitengeneza wenyewe wanakupa idf.py, nayo ni amri. Zephyr, mfumo endeshi wa vifaa vidogo, ina west, amri. Wanaoandika lugha ya Rust kwa maikrokontrola (chipu kama hizi) wana probe-rs, nayo ukiitaka unaiandika terminalini. Watu wanaotengeneza chipu na mifumo mipya kabisa bado wanatengeneza amri.

Kuna jambo jingine ambalo linatuhusu sisi hasa. Nina rafiki Likasi anayeangalia pampu ya maji ya jua kwenye shamba la shemeji yake. Ukilazimika kumrekebishia kitu kwa simu, jaribu kumwelekeza kwa vitufe: "Bonyeza ile ya juu kushoto." "Ipi, kaka? Yangu imeandika Téléverser." Yangu iko kwa Kiingereza, yake iko kwa Kifaransa, sisi wenyewe tunaongea Kiswahili, na mtandao unakatika katikati ya kila sentensi. Tulipoteza jioni nzima namna hiyo. Siku nyingine nilijenga programu hapa Lubumbashi, nikamtumia kwa WhatsApp faili ya hex, ambayo hata ukiijaza flashi yote ya Uno (hifadhi yake ya programu) haifiki kilobaiti 100, pamoja na mstari huu:

avrdude -c arduino -p m328p -P /dev/ttyUSB0 -b 115200 -U flash:w:pampu.hex:i

Aliunakili, akaubandika, akanirudishia maandishi yaliyotoka. Yalisema amenyimwa ruhusa ya poti. Nikamtumia mstari wa pili wa kumwingiza kwenye kundi la dialout, lenye ruhusa hiyo, akatoka na kuingia tena, pampu ikapanda maji. Hakuna picha ya skrini yenye ukungu, hakuna "ile nyingine, hapana, chini yake". Amri inasomeka vilevile kwake na kwangu. Inaingia kwenye ujumbe mfupi, inaandikwa kwenye kaye (daftari) kwa kalamu, na baada ya miezi sita kaye bado inajua ulichofanya. Mkono uliobonyeza kitufe haukumbuki.

Umeme ukikatika na kurudi, terminali inafunguka kabla sijakaa kitini. Kwenye laptopu yenye RAM ya gigabaiti 2 bado inatembea. Amri tatu ukiziweka kwenye Makefile, faili inayosomwa na make, zinakuwa neno moja. Haya nayapita haraka kwa sababu anayeishi hapa ameyaona.

Wanaonipinga wana haki mahali pawili. Siku ya kwanza ya mtoto wa miaka 12, mpe kitufe, awashe taa, afurahi. Furaha ile ina thamani kubwa na sitaki kuiharibu kwa grep. Na ukiwa unafuatilia kosa ndani ya chipu ya Cortex-M, dirisha linaloonyesha rejista zote za chipu kwa majina linakuokolea muda ambao GDB, amri ya kufuatilia makosa, peke yake itakula. Nalitumia. Lakini hakuna hata moja kati ya hayo linalomruhusu mtu anayelipwa kufundisha kumwambia mwanafunzi aliyeuliza swali sahihi kwamba swali lake ni la kizamani.

Kwa sababu lilikuwa swali sahihi. Hapa kwetu kazi ziko migodini, Kolwezi, Likasi, kwenye mashine zilizojaa vidhibiti vya kila aina, na kila mzazi anamwota mtoto wake akiingia huko. Mashine ikisimama usiku, hawamwiti anayejua kubonyeza. Wanamwita anayejua kuuliza nani amekula kumbukumbu, nani ameshika poti, nini kilibadilika tangu jana. Binti yule alikuwa ameshaanza kuuliza hivyo, peke yake, bila kufundishwa, na mtu mzima akamfunga mdomo mbele ya darasa. Mwalimu, kama unasoma hapa, sina ugomvi na wewe. Njoo uani kwangu Jumamosi yoyote, mama watoto atatupikia bukari (ugali), tutakaa na sanduku lile na utaona mwenyewe. Kisha urudi ukamwambie binti, mbele ya wale wale wenzake, kwamba alikuwa sawa.

Kuvezi imewashwa tena tangu Jumapili, mayai 24 safari hii, jirani amechangia nusu. Haijajiwasha upya hata mara moja. Jumatano tulimwongezea mistari ya kuhifadhi hesabu ya siku kwenye EEPROM, kumbukumbu ya bodi isiyofutika, ili hata umeme ukikatika isisahau. Ile amri ya avr-nm ameiandika kwenye jalada la ndani la kaye yake ya hesabu, na mstari wa kusimama ameuzungushia duara la wino mwekundu.

Jana usiku, karibu saa tano, simu yangu ililia. Alikuwa yeye.

"Yaya, samahani kwa usiku. Nimeondoa kwenye RAM maneno yote ya skrini, nimeyafunga kwa F() yakae kwenye flashi kama ulivyosema, imeshuka tena. Ila kuna Serial, ile ya kuongea na kompyuta, imeandikwa 9d. Nimepiga hesabu ni 157. Kwa nini inakula 157 na mimi sijaitangaza?"

Nimemjibu aifungue faili ya HardwareSerial.h atafute 64 inatokea mara ngapi. Nasubiri jibu lake.