Si jiwe, wala si mtego

Jumamosi, kwenye kilio cha baba mdogo hapa Majengo, mzee mmoja alisimama akasema marehemu alikanyaga mtego wa adui, yaani uchawi aliotegewa njiani. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Nilinyamaza kwa ajili ya mama mdogo na watoto, lakini tangu siku ile usingizi haunishiki.

Baba mdogo alisukuma chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, zaidi ya miaka ishirini. Volkano ya Nyiragongo imetutandikia mawe makali, na hapa Goma hakuna ambaye mguu wake haujachanwa nayo. Kwa hiyo doa jeusi lilipotokea chini ya kisigino chake, tukasema jiwe. Likapanuka, kingo zake zikaenda ovyo, rangi ikachanganyika: jiwe. Likaanza kutoa maji, mimi mwenyewe nikaenda famasi kumnunulia unga wa kunyunyizia. Mwaka ukaisha hivyo. Alipofika kwa daktari aliyekata kipande cha nyama kikapimwe, tezi za kinenani zilikuwa zimeshavimba. Ilikuwa melanoma, kansa ya ngozi.

Shangazi aliuliza kama kansa ya ngozi si ugonjwa wa Wazungu. Sawa, ngozi nyeusi inatukinga na jua, hilo silibishi. Lakini melanoma inayotushika sisi watu weusi hukaa zaidi kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha, mahali ambapo jua halina habari. Bob Marley, ambaye vijana wetu wanambandika kwenye pikipiki, ilimwanzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu, na ikadhaniwa ni jeraha la mpira. Ilitambuliwa 1977. Mei 1981 akafa, ana miaka 36.

Ndugu zetu wenye ualbino, wao jua ndilo linalowaua, na katika mji ulio mita 1,500 juu miale ni mikali zaidi. Mtoto wa namna hiyo asitoke bila kofia pana na mikono mirefu. Kovu la moto la miaka mingi likifumuka kidonda, nalo lionwe haraka.

Mtaniambia feza haipo. Ni kweli, haipo. Lakini mbuzi wawili wa mganga wa mtego tuliwapata! Doa likiwahiwa bado jembamba, mara nyingi hukatwa kwa sindano ya ganzi ya mahali pale tu, na mtu akapona. Na kuangalia nyayo jioni unaponawa miguu hakuombi hata franka moja. Mistari myeusi kwenye kucha wengi wetu tunayo, haina neno. Ule mmoja unaozidi kupanuka, au weusi wake unaovuka kwenda kwenye nyama ya pembeni, huo ndio wa kukimbiza kwa daktari. Kidonda cha unyayo kisichofunga mwezi mzima vilevile.

Jana usiku nilimwomba mama anipe miguu yake niiangalie kwa tochi ya simu. Aliona haya, kisha akainyoosha. Chini ya kidole kidogo kuna doa la kahawia, anasema amezaliwa nalo. Alhamisi tunaenda kulionyesha.