Adimini wa peji: mshahara, kamisheni au cha juu?

Pita Mtaa wa Kongo, Kariakoo, saa tano asubuhi, utamkuta binti kwenye kigoda katikati ya maboksi ya viatu, simu mbili mapajani. Moja yake, nyingine ya duka. Anapiga picha, anapandisha Instagram, anajibu "bei gani?" kwa mara ya arobaini, anapokea oda ya Mwanza, anafunga mzigo, anaita bodaboda aupeleke Stendi ya Magufuli, kisha anamrushia mteja picha ya risiti ya basi. Huyo ndiye adimini wa peji ya duka, ila kwenye daftari la tajiri wake ameandikwa "muuza duka", na analipwa hivyo.

Biashara ya mtandaoni kwetu inaendeshwa na watu kama huyu kuliko makampuni. Jumia, kampuni ya kuuza bidhaa mtandaoni, iliingia soko la hisa la New York Aprili 2019, na Novemba mwaka huohuo ikafunga shughuli zake Tanzania. Kenya, Copia iliyokuwa ikiwafikia wateja wa vijijini kupitia mawakala ilikabidhiwa kwa wasimamizi wa ufilisi Mei 2024, na ajira zaidi ya 1,000 zikaingia hatarini. Ndiyo maana vijana wengi wanasema ajira ya mtandaoni haina kesho, bora uwe winga.

Wana hoja. Winga hahitaji mtaji wa bidhaa. Anachukua picha dukani, anaweka cha juu, yaani faida yake juu ya bei ya duka, mteja akishalipa ndipo anaufuata mzigo. Tuseme cha juu ni shilingi 5,000 kwa pea. Akiuza pea moja kila siku, mwisho wa mwezi ana 150,000, kiasi kilekile ambacho amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 ilikiweka kuwa kima cha chini cha sekta ya biashara na viwanda. Akifikisha pea nne amemwacha mbali adimini aliyeajiriwa, tena mtoto akiugua hana wa kumwomba ruhusa.

Ila laki na nusu hizo mbili si sawa. Ya winga bado haijatolewa bando, nauli, makato ya kutoa pesa, na kile kiatu kilichorudi kwa sababu namba 42 ya kiwanda kimoja ni 41 ya kingine. Mwajiriwa aliyeandikishwa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, huchangiwa asilimia 20 ya mshahara wake, na yeye hakatwi zaidi ya nusu ya hiyo. Winga anaweza kujiunga kwa hiari, lakini kila shilingi inatoka mfukoni mwake. Na Januari ya ada za shule, simu inanyamaza.

Sasa upande wa matajiri, ambao nao si wa kubezwa. Mauzo ya mtandaoni yana pandashuka: ukimwahidi binti mshahara mnono kwa kuangalia Desemba, Februari utamlipa nini? Halafu kuna linalowauma zaidi. Adimini anawahamishia wateja kwenye namba yake taratibu, wakishatosha anaaga, na wiki inayofuata anauza viatu vilevile kwa bei ya chini. Hofu hiyo haikuzuka hivi hivi. Maduka yameumia kwa hilo.

Lakini naamini malipo duni ndiyo yanayoichochea. Mtu anayeziona fedha zikiingia kwenye lipa namba kutwa nzima, kisha anapewa kima cha chini bila hata senti juu, lazima ajipigie hesabu. Chukua kiatu cha shilingi 35,000: asilimia 3 yake ni 1,050. Kwa oda kumi kwa siku, siku 26, kamisheni inakuwa 273,000 juu ya mshahara wa msingi. Na mwezi ambao haukuuza, tajiri hadaiwi kamisheni. Muhimu ni huo msingi uwepo. Wanaotangaza "hakuna mshahara, unalipwa kwa kuuza" wanamtwisha binti hasara za duka zima, na kuiita hiyo ajira ni kumdanganya.

Kuna jambo ambalo pande zote mbili hulisahau, na mimi linaniuma kuliko mshahara. Kwenye kampuni, hata iliyokufa, kijana aliyeanza ghalani akafika kusimamia mizigo iliyorudi aliondoka na cheo kinachosomeka kwenye wasifu wake. Binti wa Mtaa wa Kongo akienda kuomba kazi kwingine akaulizwa, "Umefunga oda ngapi mwaka jana?", hana cha kuonyesha. Mazungumzo yote yako kwenye simu ya duka, na simu ameirudisha.

Barua ya ukurasa mmoja ingetosha: alianza lini, alisimamia peji gani, oda ngapi kwa mwezi, ngapi zilirudi. Tajiri hana haja ya kukisia. Zote zimo kwenye simu ile, na tarehe zake.