Likizo ya hedhi hotelini: nani alipe?

Sheria ya Ajira ya Zambia ya mwaka 2019 inampa mfanyakazi mwanamke ruhusa ya siku moja kila mwezi, bila ya kudaiwa cheti cha daktari wala kutakiwa aeleze sababu. Hapa Zanzibar, ruhusa ya namna hiyo ingewagusa mapema wanawake wa hotelini, hasa wanaosafisha vyumba Nungwi, Paje na Kiwengwa. Kazi yao ni kuinama, kusugua na kunyanyua magodoro zamu nzima, na anayeumwa na tumbo la hedhi hadi akatapika hastahili kuambiwa avumilie ilhali mwenye homa anarudishwa nyumbani.

Hoja ya wenye hoteli nayo ina uzito. Msimu wa Julai na Agosti mgeni huondoka saa nne na mwingine akaingia saa nane, na pengo la mtu mmoja huwaangukia wenzake, ambao wengi nao ni wanawake. Kinachonitia hofu zaidi ni mlango wa ajira: mwajiri akihesabu kwamba kila mwanamke atamgharimu siku 12 kwa mwaka, atamchukua mwanamume, na kumthibitishia ubaguzi huo itakuwa kazi ngumu.

Husemwa pia kwamba hedhi ni jambo la sitara, hivyo hakuna atakayeomba. Hoja hii ina ukweli nusu. Dini imemwondolea mwenye hedhi sala, na saumu akailipa baadaye, kwa hiyo kumpunguzia mzigo si jambo geni kwetu; kizito ni kumweleza msimamizi mwanamume. Japani ina likizo hii tangu 1947, lakini wanaoichukua ni wachache mno, na kuona haya ni miongoni mwa sababu.

Kwa hiyo naiunga mkono likizo hii, ilimradi fomu isitaje sababu na malipo yasitoke mfukoni mwa hoteli peke yake. Uhispania, kwa sheria ya 2023, serikali ndiyo inayolipa, ingawa inadai cheti cha daktari, sharti ambalo kwa mfanyakazi wa Matemwe lingemaanisha nauli na foleni katika siku ya maumivu. Kwetu, hesabu ianzie katika Mfuko wa Hifadhi ya Jamii wa Zanzibar. Lakini kibarua wa msimu asiye na mkataba hachangiwi katika mfuko huo, na hata huyo anaumwa. Wakaguzi wa kazi wasipoanza na mikataba, likizo itawafikia wa mapokezi na kuwaacha wasafisha vyumba.