Nilivyomwekea Papa Mbuzi

Saluni yangu iko Majengo, hapa Moshi, imebanana na bucha. Huku nywele, kule nyama, katikati ukuta wa mbao unaopitisha kila neno. Kutwa nzima vijana wanajazana kwenye benchi langu wakikagua mikeka yao: nani yuko nyumbani, nani kafungwa ugenini, nani kawachania mkeka dakika ya tisini. Mimi mpira haujawahi kunikaa. Mkeka wangu ni mmoja tu kwa mwaka, nao ni wa Oscar, zile tuzo kubwa za filamu za Marekani.

Usicheke. Mpira unadunda, Oscar ina kanuni. Wapiga kura wake ni kama watu elfu kumi, wote wa kazi ya filamu, na wengi wao ni wanachama wa vyama vinavyotoa tuzo zao mapema. Chama cha Waongozaji kikimpa mtu, naandika kwa wino. Chama cha Watayarishaji vilevile. Golden Globe, tuzo nyingine ya filamu, naandika kwa penseli, kwa sababu kule wanaochagua ni waandishi wa habari. Na wingi wa uteuzi haunitishi hata kidogo: mwaka 2022 The Power of the Dog iliingia na uteuzi 12 ikatoka na tuzo 1, CODA ikaingia na 3 ikabeba zote 3, filamu bora ikiwa mojawapo. Haya nimeyaeleza benchini mpaka mteja mmoja akaomba kama inawezekana nimnyoe kimya kimya.

Anayenielewa ni mzee mmoja wa Kibosho, kila akija lazima anikumbushe kwamba ukanda wetu ulishafika Oscar zamani. Anasema kweli. Hatari!, ile filamu ya John Wayne ya mwaka 1962, ilipigwa huko Momela karibu na Arusha, ikateuliwa kwa upigaji picha wa rangi. Tuzo ikaenda kwa Lawrence of Arabia. "Yaani vifaru wetu," mzee husema huku akitikisa kichwa chini ya mashine, jambo ambalo nimemkataza, "wakapigwa na ngamia!"

Basi, mwanzoni mwa 2025 nikabandika karatasi ya manila ukutani yenye zile filamu 10 zinazowania tuzo kubwa. Mwenye bucha akaja na kisu mkononi, akaisoma juu mpaka chini.

"Kinyozi, hii odds zake ngapi?"

"Hii haina odds. Hii ina akili."

"Basi weka mbuzi kwenye akili yako."

Tukakubaliana. Kila mtu filamu moja. Atakayepata analetewa mbuzi, tukikosa wote kila mtu alale kwake. Mbuzi aliwe kabla ya Jumatano ya Majivu, Machi 5, maana baada ya hapo mimi ni mtu wa maharage. Yeye ni Mwislamu na Ramadhani ilikuwa inaingia wiki hiyo hiyo, kwa hiyo tukapanga aliwe jioni, wakati wa futari. Mwenye bucha akachagua Wicked kwa sababu binti yake ameimba nyimbo zake mpaka majirani wamezijua. Mimi, Februari 8, Anora ilipochukua tuzo ya Waongozaji na ya Watayarishaji usiku mmoja, nikaandika Anora. Kwa wino.

Ningeishia hapo. Lakini Februari 16 Waingereza wakatoa BAFTA yao ya filamu bora kwa Conclave. Februari 23 Chama cha Waigizaji nacho kikaipa Conclave tuzo ya kundi zima. Nikakosa usingizi. Ile ni filamu ya Papa anayefariki, kisha makardinali wanafungiwa ndani kumchagua mwingine. Haina mtu anayeichukia, na kwa tuzo kubwa ya Oscar hilo ndilo jambo. Pale hawapigi kura moja. Wanapanga filamu zote kwa nafasi, ya mwisho inatolewa, kura zake zinahamia kwa chaguo linalofuata, hivyo hivyo mpaka moja ivuke nusu. Filamu inayowekwa ya pili na kila mtu inaweza kumzika mbabe. Isitoshe mule ndani yumo Lucian Msamati, mwigizaji ambaye wazazi wake ni Watanzania. Damu ikaniita.

Kulikuwa na kijana wa kidato cha sita kwenye kiti. "Kaka," akasema, "si kura za Oscar zilifungwa tarehe 18? Waigizaji wametoa tuzo yao tarehe 23. Sasa itamshawishi nani?"

Nikamwambia ainamishe kichwa, nafika kisogoni.

Mwenye bucha hakuwa na pingamizi nibadili niende Conclave. "Ila ukishuka kwenye gari, kiti chako nakaa mimi," akasema. Akaiacha Wicked, akachukua Anora, ambayo mpaka mwisho alikuwa anaiita Anola. Tukamaliza mazungumzo kila mtu akiwa kwake, kupitia ukuta, kwa sauti ya kutosha.

"Kwa hiyo mbuzi wako yuko wapi sasa?"

"Yuko kwa Papa! Nimeweka vyote kwa Papa!"

"Na Papa akikuangusha?"

"Haniangushi. Papa anafariki mwanzoni kabisa, hata hujakaa vizuri. Makardinali wanaingia, mlango unafungwa. Jumatatu asubuhi wewe tafuta kamba tu!"

Ambaye sikumwona ni mama mmoja wa jumuiya yetu ya kanisani, aliyekuwa amesimama buchani akisubiri nusu kilo. Na lazima ukumbuke siku zenyewe. Baba Mtakatifu Fransisko alikuwa amelazwa hospitalini Roma tangu Februari 14. Kila misa tulikuwa tunamwombea, na mimi nikiwemo. Mama yule hakusubiri chenji. Nusu kilo ilibaki kwenye mizani.

Kufikia katikati ya wiki habari ilikuwa imefika sokoni Mbuyuni, na ilikuwa imekua njiani: kuna kinyozi Majengo kaweka mbuzi ili Baba Mtakatifu asifike Majivu. Huko Pasua mbuzi alikuwa ameshakuwa mweusi. Vijana wa kwaya, ambao ndio wateja wangu wa Ijumaa, wakaamua kufuga nywele wote kwa pamoja. Mama yangu akapiga simu kutoka mlimani, hakunisalimu hata. "Mwanangu, kama biashara ni ngumu, si ungesema?"

Jumapili jioni, Machi 2, nikiwa nyumbani napanga bando langu la usiku, nikasikia mlangoni: "Tumsifu Yesu Kristo!"

"Milele, amina," nikajibu, nikafungua. Ilikuwa jumuiya nzima. Mwenyekiti, mwalimu mstaafu, mbele. Katekista. Akina mama na rozari zao. Watoto wa akina mama. Na yule mama wa nusu kilo, akinitazama huku amejishika kifuani.

"Kijana," Mwenyekiti akasema akishaketi, "hatujaja kukuhukumu. Tumekuja kumwombea Baba Mtakatifu, halafu wewe, halafu tuzungumze habari ya mbuzi."

Nikajieleza. Nikasema ni filamu. Filamu! Wakatazamana. Mama akauliza nani atatengeneza filamu ya Papa kufa wakati Papa anaumwa, nikasema ilitoka mwaka jana, akasema ndiyo, na wewe umesubiri mpaka sasa. Nikaona maneno hayanisaidii. Nilikuwa nayo kwenye flashi. Nikaichomeka kwenye televisheni, nikawasha sabufa, nikawaambia waone kwa macho yao.

Papa akafariki mwanzoni, kama nilivyoahidi. Wakapiga ishara ya msalaba. Mwenyekiti akakubali kwamba, kwa haki, mtuhumiwa alikuwa anasema kweli. Ilitakiwa waondoke hapo. Lakini nikajitia ujuaji: "Huyo Kardinali Adeyemi, kwenye filamu ni Mnaijeria, lakini mwigizaji wazazi wake ni wa hapa hapa Tanzania."

Chumba kikabadilika. "Wa hapa wapi?" "Msamati? Hao watakuwa wa upande gani?" "Mwache aongee, tumsikilize!" Mtu akasogeza kiti. Mtu akatuma mtoto karanga. Kura zilipoanza kumwendea Adeyemi vizuri, kigelegele kikapigwa sebuleni kwangu, na aliyekipiga ni mama wa nusu kilo. Katekista akawa anatafsiri kwa wasiojua Kiingereza, akiongeza mafundisho pale alipoona filamu imepunguza. Kisha likaibuka jambo la zamani, Adeyemi akaanguka. Kimya. "Wamemsingizia," mama akasema. Mwenyekiti akavua miwani, akaipangusa kwa muda mrefu.

Hapo ndipo jasho lilipoanza kunitoka, kwa sababu mimi mwisho wa filamu ile naujua. Siutaji, wengine hamjaiona. Itoshe kusema kwamba si mwisho wa kuonyesha jumuiya yenye katekista, Jumapili ya mwisho kabla ya Kwaresima, sebuleni kwako, ukiwa umetoka kusamehewa nusu saa iliyopita.

Nikaomba udhuru, nikazunguka nyuma ya nyumba, nikashusha swichi kuu.

"Aaaah!" jumuiya nzima.

"LUKU imeisha," nikatangaza gizani kwa huzuni.

Mwenyekiti akatoa simu. "Haiwezekani. Nitumie namba ya mita." Akanunua umeme wa elfu tano papo hapo, katekista akasimama pembeni yangu na tochi, akinisomea tarakimu 20 moja moja kwa sauti ya somo la pili. Mimi nabonyeza nyingine. Mita inakataa. Anarudia. Nabonyeza nyingine tena. Ndipo mtoto wa jirani, ambaye hakuna aliyemwalika, akachungulia chini ya kwapa langu.

"Anko, mbona mita inawaka? Mbona ina yuniti kibao?"

Nikasema itakuwa ni fyuzi, na fyuzi za siku hizi ni za China. Mama wa nusu kilo akawasha mshumaa. Wakamalizia rozari na litania gizani, wakaomba kwa nia ya Baba Mtakatifu apone, na kwa nia ya pili, hii aliileta Mwenyekiti mwenyewe, filamu ya kijana wetu Msamati ifanye vizuri huko Marekani. Wakatoka wakiwa upande wangu wote. Elfu tano hakuidai.

Sherehe ilianza saa tisa usiku kwa saa zetu. Mtaa ulikuwa macho kwa sababu ya daku, na mwenye bucha alikuwa ananipigia kila baada ya kijiko cha uji. "Anola vipi?" Conclave ikachukua tuzo ya mswada wa filamu uliotokana na kitabu, nikaruka kitandani. Ndiyo ilikuwa ya kwanza na ya mwisho. Anora ilikuwa imeshachukua ya mswada usiotokana na kitabu. Ikachukua uhariri. Sean Baker akachukua uongozaji. Mikey Madison akachukua ya mwigizaji bora wa kike wakati nusu ya dunia, mimi nikiwemo kwa kalamu, ilikuwa imemwandika Demi Moore. Watoto walikuwa wameshaanza kupita na sare kwenda shule ilipotajwa filamu bora. Anora tena. Ya tano.

Sikuzima simu. Mwaka 2017 walitangaza La La Land, watu wakapanda jukwaani wakashukuru mpaka wazazi, ndipo ikasemwa bahasha ilikuwa siyo, mshindi ni Moonlight. Kwa hiyo nikasubiri bahasha nyingine. Nilisubiri mpaka bando likaisha. Nilipofika kufungua saluni, kutoka upande wa pili wa ukuta nilisikia kisu kinanolewa, taratibu, na mtu anaimba wimbo wa Wicked.

Mbuzi nilimnunua mnadani, mweupe pee, nikampitisha Pasua makusudi. Jumanne jioni wakala watu wa futari na watu wa jumuiya pamoja. Nyama ilikuwa laini sana. Mwenye bucha hakosei. Mwenyekiti akaja na bakuli kukaa karibu yangu.

"Sasa yule, mwisho, walimchagua nani?"

"Mwenyekiti, supu inapoa."

Aprili 21, Jumatatu ya Pasaka, Baba Mtakatifu akafariki kweli. Tulilia, na sitanii katika hilo. Lakini kwa majuma yaliyofuata watu wakawa wananyolewa kwangu wakiwa wamenyooka mno kitini, na bibi mmoja wa Njoro akaniletea hati za shamba kuniuliza kesi yake itaishaje. Mwenyekiti naye akaja siku haina wateja, akafungiwa kitambaa, akakohoa.

"Kati yetu tu. Unamwona nani?"

"Kardinali Tagle, wa Ufilipino. Wino."

"Mimi nasema safari hii Mwafrika."

Tukawekeana kuku, maana mbuzi ana kelele. Tukampa mama wa nusu kilo atutunzie, kwa kuwa ndiye mtu tuliyeamini hatacheza upande wowote. Mei 8 moshi mweupe ukatoka, na kibarazani akatokea Leo wa Kumi na Nne, mzaliwa wa Chicago. Mimi nimekosa, Mwenyekiti kakosa. Tukafuatana kwenda kumchukua kuku tumgawane. Tulimkuta mama anasugua sufuria.

"Nilijua hampati," akasema.